Siku Tulipompima Profesa kwa Sinia

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote nilizowahi kusherehekea, mwanangu, na nataka ukae hapo uisikilize kabla hujanionyesha tena hiyo simu yako. Video nimeiona. Nimemwona kijana wenu mpya akiwapiga chenga mabeki mpaka kipa, na muziki mliomwekea nimeusikia. Ni mzuri, sibishi. Lakini umeniambia kwamba kesho mnamkabidhi timu, na yule aliyekuwa akiipanga timu hiyo mnampa mkono wa kwaheri, na wewe umekuja kwangu nikubariki tu ukaendelee na safari. Nitakubariki. Kwanza nisikilize.

Wakati huo sikuwa huyu mama mnene unayemwona. Nilikuwa msichana wa Arua, miguu myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nilivuka mpaka nikaja Juba kwa sababu nchi hii ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu na kila mtu kule kwetu alikuwa anasema huku kuna kazi. Na kweli zilikuwepo. Chuo kimoja kidogo cha ualimu pale Nyakuron kilinichukua niwe matroni wa bweni, na kwa kuwa shuleni nilicheza netiboli, wakaniongezea umeneja wa timu ya mpira. Usidhani umeneja ulikuwa cheo. Ilikuwa ni kufua jezi, kuwafukuza vijana wakalale, na kumfokea refa. Hilo la mwisho nililifanya kwa moyo wangu wote.

Siku zile Juba ilikuwa na furaha ambayo nikikueleza hutanielewa. Bendera mpya, pasipoti mpya, wimbo wa taifa mpya ambao watu wazima walikuwa bado wanahangaika nao, wakifika katikati wanapunguza sauti na kuangalia midomo ya wenzao. Kulikuwa na kombe jipya la vyuo pia. Mkuu wetu wa chuo alilipenda kombe lile kabla hajalipata, akalitengea na meza ofisini kwake, na juu ya meza akatandika kitambaa. Msimu uliotangulia tulikuwa tumefungwa na chuo cha wauguzi. Wauguzi wale hawakutuacha tupumue. Ukienda kwao na homa, kabla hawajakuuliza unaumwa nini, wanakuuliza matokeo.

Namba kumi wetu, yaani yule anayepanga mchezo na kuwagawia wenzake mipira, alikuwa kijana anaitwa Santo. Mfupi, miguu imepinda kidogo, kwao Kator, lakini alikulia kambini kule Adjumani, Uganda, wazazi wake walikokimbilia zamani. Ukimtazama Santo akicheza, ukifika nyumbani huna cha kusimulia. Hakupiga chenga. Alipokea, akageuka, akatoa. Chuo kilikuwa na nafasi moja tu ya mwanamichezo, inayompa kitanda, chakula na masomo ya bure, na nafasi hiyo alikuwa nayo yeye. Bila hiyo angerudi kubeba magunia soko la Jebel, na ualimu ungeishia hapo. Na Santo alitaka kuwa mwalimu kuliko alivyotaka mpira, hilo sote tulilijua.

Ndipo tukaanza kusikia habari za Profesa.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Emmanuel, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia isipokuwa shangazi yake. Alikulia Nairobi, na sifa zake zilifika Juba kabla yake. Watu wa bodaboda wote walikuwa wameliona bao lake, ingawa hawakukubaliana ni bao gani. Mmoja alisema alilifunga kwa kisigino. Mwingine akaapa lilikuwa la kichwa, kutoka katikati ya uwanja. Wa tatu alisema kipa mwenyewe alipiga makofi, akaomba abadilishwe. Mkuu wa chuo alipopata habari kwamba kijana huyo amerudi nyumbani, anakaa kwa shangazi yake kule Jebel, na kwamba wauguzi nao wanamnyemelea, alikosa raha kabisa. Akatuita ofisini, mimi na kocha.

Kocha wetu alikuwa Mzee Wani, mtu wa kabila la Wabari wa hapahapa, aliyecheza mpira Juba enzi za ujana wake, akaenda uhamishoni Uganda, akarudi na mvi. Hakuwa na filimbi wala saa. Alikuwa na kreti la soda analolipindua pembeni ya uwanja na kulikalia, na akishakaa hapo hazungumzi mpaka mchezo uishe.

"Nafasi ni moja," mkuu alituambia. "Mpimeni kijana huyo Jumapili. Kama ni yule tunayemsikia, Jumatatu asubuhi namtangaza mbele ya chuo. Santo tutamshukuru."

Mzee Wani akajikuna kidevu. "Namba kumi kazi yake ni gani? Ni kugawa," alisema. "Mimi nataka ona yeye nagawa. Madam, pika mbuzi."

Hapa nikueleze, maana nyinyi wa siku hizi mnakula kila mtu na sahani yake na simu yake. Vijana wetu walikula sinia moja. Asida, yaani ugali wa huku, chini, mchuzi juu, nyama katikati. Kila mtu anakula upande wake akielekea ndani, na nyama haiguswi mpaka mwisho, ndipo mmoja wao anaanza kuimega na kuwasogezea wengine. Hakuna anayemchagua huyo mmoja. Inatokea tu. Mzee Wani aliamini kwamba mchezaji yeyote ukimkalisha kwenye sinia utamjua yote. Timu nzima aliipanga hivyo. Kipa wetu alipata namba kwa sababu hakuna mkono uliowahi kupita upande wake ukatoka na kitu. Gatwech, beki wetu wa kati, kijana mrefu wa kuinama kila mlango, aliwekwa pale kwa sababu alikula polepole bila kuyumba mpaka wengine wote wakachoka.

Mimi kipimo hicho nilikipenda sana, na nilimpenda Profesa kabla sijamwona. Nilikuwa nimechoka kutaniwa na wauguzi.

Jumapili ile, Desemba, baada ya misa, alikuja. Viatu vyeupe peee, vidude vya muziki masikioni, ameshuka kwenye bodaboda bila kushika popote. Akatusalimia kwa Kiswahili cha Nairobi, sisi tukamjibu kwa cha kwetu, na Mzee Wani akamjibu kwa Kiarabu cha Juba, mradi kila mtu alikuwa ameitika. Wakagawana pande mbili, Santo huku, Profesa kule.

Mwanangu, yule kijana alikuwa anajua. Sikudanganyi ili hadithi yangu ipendeze. Mpira ulimfuata mwenyewe. Alimkalisha Gatwech chini, Gatwech akabaki amekaa, anatazama mikono yake. Aliupitisha mpira katikati ya miguu ya kipa, akaenda kuuchukua wavuni mwenyewe, akaurudisha katikati kwa kisigino. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza nani anaolewa. Kule upande wa pili Santo alipokea, akageuka, akatoa. Mzee Wani alikaa juu ya kreti lake.

Kisha tukanawa, nikatoa sinia.

Ubaya wa kipimo cha Mzee Wani ni kwamba Nyakuron nzima ilikijua, na habari zilishafika Jebel. Baadaye ndipo tulipokuja kujua kwamba shangazi yake Profesa alimkalisha mbele ya sinia nyumbani siku kadhaa mfululizo, akimchapa mkono kila unapokaribia nyama. Basi kijana akaketi, na kabla asida haijapata hata tobo la kidole, akachukua kipande cha bega akakisogeza kwa Gatwech. "Kula, boss." Gatwech, mtoto wa watu mwenye adabu zake, akamsogezea kipa. Kipa akaona aibu, akakirudisha kwa mgeni. Mgeni akakisukuma kwa vijana wawili wapya waliotoka mashambani wiki ile, wakaogopa, wakarudisha mikono mapajani. Profesa akachukua kipande kingine. "Kula, msee. Kula, kula." Nyama zote zikawa zinazunguka. Lile bega lilizunguka mpaka likakauka mchuzi. Hakuna aliyekuwa anakula. Nilisimama mlangoni na kitambaa changu begani, machozi yakinilengalenga kwa kuona ukarimu wa namna ile.

Santo naye akaketi akatazama nyama ikipita mbele yake mara ya kwanza, ikapita tena. Ilipopita kwa mara nyingine akaikamata. Kipande kikubwa kuliko vyote. Akakiuma, akatafuna, mchuzi ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akageuza uso kwangu.

"Madam," alisema, "hii mbuzi iko tamu sana."

Wote wakacheka, wakaanza kula. Hata wale wawili wa mashambani walizamisha mikono mpaka vifundoni. Sinia ilisafishwa nikabaki najiona humo ndani. Profesa peke yake hakumeza hata mfupa. Alikunywa maji tu, akatabasamu.

Nilimfuata Mzee Wani mbiombio. "Mzee, umeona mwenyewe! Huyu anagawa, yule anakula!"

Hakuwa mtu wa kukasirika, lakini siku hiyo alikasirika.

"Ya binti," alisema, "wewe ilikuwa naangalia nani?"

"Profesa."

"Saa yote?"

"Saa yote, Mzee. Si ndiye tunayempima?"

"Wewe imeangalia yeye kama bibi harusi. Wengine je? Wewe imeona mikono yao?" Akaikunja mikono yake mwenyewe mapajani, kama wale vijana wawili. "Huyu alipoanza gawa, watu wameacha kula. Yule alipoanza kula, watu wamekula. Namba kumi hapana angalia yeye. Angalia wale iko karibu na yeye. Kama wao nacheza vizuri kupita jana, kalas, huyo ndiyo namba kumi." Akainua kreti lake. "Na hii mambo ya sinia imekufa leo. Kila mutu anajua. Hapana pika tena mbuzi."

Niliona mzee amezeeka. Nilinuna, nikaenda moja kwa moja kwa mkuu, nikamwambia kwamba kocha ana lake lakini meneja anasema Profesa. Mkuu hakuhitaji kusukumwa. Akasema kesho asubuhi, mbele ya chuo chote. Profesa akabaki kulala bwenini ili asubuhi imkute hapo, na mimi nikampa shuka safi.

Nilimpita Santo jikoni, anasugua sinia kwa majivu. Zamu ilikuwa yake. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Madam, kesho mimi natoka?"

Nilimwambia atasikia kesho.

"Sawa," alisema. "Maharage ya asubuhi nimeloweka."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote, na mimi nikaenda zangu.

Kesho yake hakuna aliyetangazwa. Risasi zilianza kabla hakujakucha. Mwanzoni tulijidanganya kwamba ni watu wanasherehekea kitu, maana tangu uhuru Juba ilikuwa imezoea kusherehekea. Kulipopambazuka ikaingia milio mizito, vumbi likawa linadondoka kutoka kwenye bati, na hakuna aliyejidanganya tena. Wakubwa walikuwa wamegombana, askari wao wakagawanyika, na barabarani watu walikuwa wanaulizwa kabila lao. Nchi ilikuwa bado changa vile. Simu ya mkuu wa chuo haikupokelewa. Mzee Wani alikuwa kwake Kator. Mtu mzima bwenini nilikuwa mimi peke yangu.

Milio ilipotulia kidogo tukasikia majirani wanapita nje na watoto, wanakimbilia kanisani Kator. Ilibidi mtu aseme kama tunabaki au tunatoka, na kama tunatoka, vipi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nikafungua mdomo huu, mwanangu, mdomo uliotisha marefa, na hakikutoka kitu. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikasahau majina ya vijana wangu.

Hapo ndipo nilipoona. Vijana wote walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni, na vichwa vyote vilikuwa vimegeukia upande mmoja. Hakuna aliyewaambia. Kipa, Gatwech, wale wawili wa mashambani, wote walikuwa wanamtazama Santo, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni mwa jiko akichochea maharage. Na kutoka chini ya kitanda, penye shuka langu safi, nikasikia sauti ya Profesa.

"Santo, maze," alisema, "tunaenda wapi?"

Santo akafunika sufuria.

"Kanisa," alisema. "Madam, wewe enda mbele. Wewe iko na sauti, na wewe ni mgeni, hapana mutu atauliza kabila yako." Akawaweka wanaojua Kibari pembeni, mmoja kila upande, na wale wawili wa mashambani katikati, wakashikana mikono. Gatwech alikuwa na alama za kwao kwenye paji la uso, na siku ile alama zile zingeweza kumuua. Santo akavuta godoro, akamtwika kichwani, akalikunja likamfunika mpaka mabegani. "Kunja goti kidogo ukitembea. Hapana toa mpaka kanisa." Kisha akamgeukia Profesa. "Wewe beba maharage."

"Mimi?"

"Wewe hapana mwaga. Mimi nimeona miguu yako."

Tukatoka hivyo. Mimi mbele na kanga nyeupe juu ya mti wa ufagio, godoro lenye miguu linafuata, na kijana aliyesubiriwa na Juba nzima akiwa na viatu vyake vyeupe, taulo kichwani, na juu ya taulo sufuria ya maharage inatoa moshi. Aliruka mitaro, akakwepa matofali, akapita juu ya waya wa uzio uliolala chini, na halikudondoka hata harage moja. Nilikuwa nimegeuka kuhakikisha kila mtu yupo, nikamwona, na nikajikuta nataka kucheka huku meno yanagongana.

Karibu na Kator, askari wakatusimamisha. Walikuwa vijana tu, macho mekundu kwa kukesha.

"Itakum munu?" mmoja aliuliza. Nyinyi ni nani?

Sauti yangu ikarudi. Sijui ilitoka wapi, lakini ilirudi kama siku za refa. "Sisi ni timu ya mpira!" nilipiga kelele. "Hamwoni? Wachezaji wangu hawa! Mnatuchelewesha!"

Wakatutazama. Yule mmoja akanyoosha bunduki kuelekea kwenye godoro. "Na huyo?"

Na hapo, mwanangu, nikaona pasi moja ambayo sijawahi kuiona uwanjani mpaka leo. Santo alimtazama Profesa mara moja, akatupa jicho kwenye sufuria. Basi. Profesa akaelewa. Akasogea upande wa pili wa barabara, mbali kabisa na godoro, akatua sufuria mbele ya askari na kufunua mfuniko.

"Afande, mmekula?" alisema. "Hii ni moto bado. Kuja, kuja."

Harufu ya vitunguu ikawafikia. Nadhani hawakuwa wamekula tangu jana. Wakamzunguka, wakachota kwa mfuniko, kwa kofia, kwa mikono, na Profesa akawa anawagawia na kuwatania kwa Kiswahili cha Nairobi ambacho sidhani walikielewa nusu yake. Walipoinua vichwa, Santo alikuwa ameshalipitisha godoro kwenye lango la kanisa.

Mzee Wani tulimkuta ndani ya ua wa kanisa, amekalia kreti lake. Alikimbia vita na kreti. Akatuhesabu kwa macho, akafunua godoro akamwona Gatwech, akalifunika tena polepole. Kisha akauliza, "Chakula iko?"

Nusu sufuria ilikuwa imebaki. Tulikula na kina mama waliokuwa karibu yetu na watoto wao, na nikamwona Profesa anakula kwa mikono miwili, anameza bila kutafuna. Nikamwuliza ana nini. Akaniambia, mdomo umejaa, kwamba shangazi yake alimkataza kugusa nyama mpaka apewe nafasi, na kwamba tangu Jumamosi hajala kitu cha maana. Jana mbele ya mbuzi wangu alikuwa anasikia kizunguzungu. Na Santo alipouma kile kipande, alisema, alitamani kumpiga.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mle ndani, ambamo watu walikuwa wamewapoteza ndugu zao asubuhi ile ile, nikaona aibu, nikaziba mdomo kwa kanga, na kicheko kikageuka kilio. Mzee Wani akanisogezea kreti nikae. Hakusema "nilikwambia." Alimtazama Profesa, kisha Santo, kisha mimi, na akauliza tu, "Leo yule mutoto wa Nairobi amecheza vizuri kupita jana, ama?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee. Kupita jana.

Chuo kilikuja kufunguliwa muda mrefu baadaye. Kombe halikuonekana tena, na meza ya mkuu ilikuwa inawekewa birika la chai. Lakini mkuu ni mtu wa kutimiza neno lake, akasimama mbele ya chuo kumtangaza Profesa kama alivyoahidi. Profesa akatoka mstarini na viatu vyake, ambavyo havikuwa vyeupe tena, akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya Santo. Mimi nipe namba saba, nikae karibu na yeye." Mkuu akasema nafasi ni moja na kitanda ni kimoja. Wakasema kitanda kimoja kinatosha. Mimi ndiye niliyekuwa nakagua bweni, na kwa muhula mzima niliona miguu minne inatoka kwenye blanketi moja, huku na huku, na kila nikipita nilikuwa natazama dari.

Leo Santo ni mwalimu, na wanafunzi wake nao ukiwauliza alifundisha nini hawakumbuki alisema nini, ila wanajua. Gatwech yuko mbali, hunipigia simu Krismasi. Godoro la chuo hakulirudisha, na mimi sijawahi kuliulizia.

Basi sikia ninachokuambia. Kabla hujakaa ulinirudishia video yako, na safari hiyo sikumtazama kijana wenu. Nimewatazama wenzake. Kuna mmoja pembeni amenyoosha mkono tangu mwanzo anaomba mpira, hapewi. Mabeki wamesimama mikono kiunoni. Bao linaingia, na mbio za kushangilia anazikimbia peke yake. Usimkatae kwa hilo. Huenda naye ana njaa, na kuna mtu amemwambia asile mpaka apite mtihani. Lakini usimpe timu, na yule wa zamani usimwambie asante, mpaka uwaweke wote wawili uwanjani, wafungwe mabao, mvua iwanyeshee, na wewe uwape mgongo hao wawili utazame wengine wanageuza vichwa kwa nani. Mtu anayejua anatazamwa atakuonyesha alichofundishwa. Wanaomzunguka hawana wa kumdanganya. Na mzee akikukemea kwa hilo, usinune kama mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyovutwa na viatu vyeupe. Akupe sauti siku ya kusimamishwa barabarani. Na siku hiyo sauti ikikukimbia, kama ilivyonikimbia mimi, Mungu akuwekee humo humo ndani mtu wa kumgeukia, na sufuria yake iwe tayari imeiva.